Upande wa Nyuma wa Daftari

Mbele nimeandika madeni:
Mama Sijaona, ungo wa futi sita, bado elfu kumi na tano.
Likanga wa Mnyambe, waya mita thelathini, atalipa korosho zikiuzwa.
Nyuma, kuanzia jalada la mwisho kuja katikati,
naandika mwanga.

Miaka kumi na tisa nimepanda mapaa ya Newala
nikielekeza nyungo kwenye kitu nisichokiona.
Bado, bado, rudisha kidogo, hapo! Usiguse!
Niliamini mlio wa kipimo tu,
kama mjamzito anavyoamini teke.
Watu wakalipa, wakaangalia mpira,
mimi nikashuka na kutu viganjani
bila kujua nimesalimiana na nani.

Sasa nina bomba la maji la inchi nane,
kioo kilichokula msimu mzima wa kazi,
na kigoda.
Halina mota. Sihitaji mota.
Nalielekeza kaskazini kidogo ya utosi, naliacha,
na nyota zinaingia upande huu, zinatokea ule,
kama wageni wa kutoa pole wasiokaa.
Ila vitone vitatu havihami.
Usiku wa kwanza niliondoa jicho, nikalifuta, nikarudi.
Vimekaa.

Majirani wananong'ona. Mtu, usiku wa manane, uani, na ungo:
hesabu hiyo huku kwetu ina jibu moja.
Mpwa wangu Mchopa ndiye anayenishikia tochi
niliyoifunga karatasi nyekundu.
Anauliza kwa nini chenye namba kubwa ndicho hafifu.
Namwambia ni kama divisheni za mtihani,
ya kwanza inawaka, ya nne shughuli kuiona.
Hacheki. Mwaka jana alipata ya nne.

Septemba kumi na nane. Upepo unapanda kutoka Shimo la Mungu
umebeba harufu ya mabibo yaliyopondeka.
Saa tatu, kile cha katikati: kumi na moja na nusu.
Saa nne: kumi nukta tisa.
Saa tano: tisa.
Saa tano na nusu: sita,
nimekilinganisha na nyota jirani mara mbili, sikuamini.
Kimeligeuzia mabawa jua
ambalo sisi tumelipa mgongo,
jua lililo chini ya nyayo zetu, ng'ambo ya udongo huu,
na nuru inatupita kandokando, inagonga kule, inarudi
kuingia kwenye bomba la maji.

Saa sita kasoro dakika ishirini
kinakuwa chekundu kidogo, au ni jicho.
Halafu hakuna.

Hakikuzimika. Ni kivuli cha dunia,
na ndani yake kimo cha kwangu, cha Mchopa,
cha mkorosho, cha tanki lisilo na maji,
vimekwenda kilomita elfu thelathini na sita kukifunika.
Nyumba ya pili wanaangalia tamthilia. Picha haikutikisika.
Kule juu kinakula betri, gizani,
na mwanamke wa runingani analia vilevile.
Sijui kwa nini hilo lilinikaa kooni.
Nilimkumbuka mama, miezi ile ya mwisho,
akituuliza kama tumekula.

Mashariki zaidi, nje ya kivuli, kuna kilichokufa.
Hakina mwenyewe. Kinabingirika, kinajongea,
na kila sekunde arobaini na moja kinatoa mmweko
kuliko vyote vilivyo hai.
Mchopa anakipenda hicho. Nikamwachia bomba akihesabu.

Saa saba kasoro dakika kumi nimerudi palepale, shingo inauma.
Hakuna. Hakuna.
Kama kosa la kioo, halafu tone,
hakikusogea hata unywele.
Naandika: saba nukta nne. Kalamu inagoma, naandika tena.

Asubuhi simu, Mama Sijaona:
Fundi, picha imeganda, hicho kidude chako kimeondoka.
Kipo, mama, jana nimekiona kwa macho.
Tazama kama kuku amekanyaga waya.
Na ile elfu kumi na tano?
Mtandao, akasema, mtandao unakatika.