Swichi ya Upande wa Kushoto

Bwana Chengo aliniletea Korola saa nne kasoro,
jua la Maweni limeshanipanda mgongoni.
"Kioo cha upande wa mama hakishuki."
Tangu lini?
"Siku nyingi."
Fundi akisikia siku nyingi hupandisha bei.
Mimi nilivua pete, nikaomba ufunguo.

Hapa Malindi mshitakiwa wa kwanza ni chumvi.
Mtu aliyefanya kazi Gongoni miaka ishirini
hurudi nayo nyumbani kila jioni,
kwenye soli, kwenye mikunjo ya suruali,
nayo huteremka polepole ndani ya mlango
ikaitafuna shaba kama mtoto na kalamu ya shule.
Basi nikaanza na chumvi.

Fyuzi niliichomoa, nikaielekeza juani:
uzi wake haujakatika.
Nikavuta mpira wa bawabani, pale waya zinapokunjwa
kila mlango ufungukapo.
Nyekundu nzima. Ya kijani nzima.
Nikabandua ganda la mlango, vibanio viwili vikavunjika,
nikatukana kimoyomoyo.

Ndani: kipini cha nywele,
maganda ya njugu, sarafu ya shilingi kumi,
mchanga wa kutosha kupanda mchicha.
Mota nikaiunganisha na betri moja kwa moja.
Ikanguruma; kioo kikashuka
kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa tu.

Ndipo nikaitazama swichi yenyewe.
Upande wa kupandisha ni mpya, mshale mweupe ungalipo.
Upande wa kushusha umesuguliwa ukang'aa,
mshale umefutika:
kidole kimoja, kilekile,
Barani hadi sokoni, sokoni hadi Barani,
Jumapili kanisani na kurudi,
kikibonyeza kitu kisichojibu.

Nikazunguka mlango wa dereva.
Chini ya vitufe vinne kuna cha tano, kidogo,
kina picha ya kioo kilichopigwa mstari.
Kilikuwa kimezama.
Nikakigusa. Tk. Kikainuka.

Saa mbili nimechimbua mlango wa mtu,
na ugonjwa ulikaa wazi, kando ya goti lake.

"Hiki ulikibonyeza wewe?"
Akawatazama vijana wa kuchomelea vyuma ng'ambo.
"Kwa sababu ya mjukuu. Alikuwa akitoa mkono nje."
Mjukuu yuko darasa la sita, Kilifi.
"Na upepo huharibu kiyoyozi."
Baada ya hapo akanyamaza,
akaketi kiti cha kushoto, miguu nje,
akabonyeza: kikashuka. Akabonyeza: kikapanda.
Mara ya tatu hakukipandisha.

Umazi, mkewe, siku hizi hupanda tuktuk.
Nimemwona mwenyewe mara mbili,
amekaa pembeni kabisa, leso yapepea nje
na uso wake ameuelekeza kule upepo utokako.

Alinipa mia tano, chenji hakutaka.
"Kwenye risiti uandike fyuzi."
Nilishika kalamu nikafikiri
juu ya yule atakayeisoma risiti mezani,
akiipindua kuona kama nyuma kuna neno.
Nikaandika: swichi.
Swichi ni neno pana.

Aliikunja bila kuisoma.
Akaenda zake kwa njia ya Barani,
kioo cha kushoto kimeshushwa mpaka mwisho
na kiti hakina mtu.