Pabovu

Kila jioni ya Septemba, kabla ya kukanda unga,
navua pete.
Chuma hudanganywa na kamba;
kidole kitupu ndicho shahidi.

Mindia hutupa bunda zima mezani,
mita sitini zinazonuka utomvu wa mberoshi,
kisha huenda kukoga.
Nami naanzia nchani, pale uzi ulipochomwa moto,
naipitisha kati ya dole gumba na cha shahada,
shibiri baada ya shibiri, nikiipinda upinde mdogo.
Inapokunjika kwa ulaini wa utumbo, nasimama.

Kamba hukatikia pabovu, watu husema,
kana kwamba pabovu pamepakwa rangi.
Ganda la nje ni jekundu, zima,
halina hata unyuzi uliochomoza,
na ndani kiini kimeshalegea
pale ilipobanwa juzi na tawi,
au mtu alipoikanyaga kwa buti lenye changarawe
akasema, si kitu.

Kwa hiyo nyumbani kwangu kamba haikanyagwi,
hata na kuku.
Haianikwi juani.
Huoshwa kwa maji vuguvugu kwenye beseni la zabibu,
bila dawa ya madoa,
ikatundikwa ghalani idondoke usiku kucha.
Na kule juu, Mindia, mikanda ni miwili:
usifungue wa chini kabla wa juu haujashika.
Kulabu ikilia mara moja, ngoja ilie ya pili.
Na Otia aliye chini asichezee simu;
shingo yake ni mali yako mpaka ushuke.

Hunijibu kinywa kimejaa maharagwe: mama, najua.

Najua. Neno hilo lilikuwa la baba yake.

Jumberi alipanda kwa viatu vya mpira,
mita thelathini, ncha ya mti ikimyumbisha,
maana koni zenye mbegu huota kileleni,
Mungu hakuziweka pengine.
Kamba alikuwa nayo. Ya katani, nene, mpya.
Ilikuwa ya gunia.
Gunia lilifungwa mafundo mawili, likashushwa
tawi kwa tawi, lisipasuke.
Siku ile gunia lilifika salama.
Kilo arobaini na mbili. Nililipwa zote.

Mbegu zile zilikwenda Denmaki, wanasema,
zikawa miti ya Krismasi yenye taa.
Sina neno na watoto wa watu.

Leo, kwenye mita ya kumi na saba, kidole kimezama.
Kidogo tu, kama peasi lililoiva upande mmoja.
Nikarudi nyuma, nikapita tena. Kikazama tena.
Sikumwita. Nilichukua kisu cha mkate
nikaikata hapo, halafu hapa, halafu hapa,
vipande vifupi ambavyo hata mlevi
hatatamani kuviunga.
Kimoja kitafunga ndama. Kimoja, lango.

Akatoka na taulo shingoni, akasimama.
Kamba mpya ni ujira wa siku tisa;
alizihesabu moja moja, kwa sauti.
Kesho wenzake watapanda, yeye atabaki chini
akiokota za wengine.

Na anune.
Nimempakulia, hakula. Pete inakataa kurudi,
kidole kimevimba kwa kupapasa.
Ananung'unika gizani, sauti nzito kama ya babaye,
na inatoka chumba cha pili.