Anayetoka Kwanza

Nyumba yetu ya Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
ina vyumba sita, baiskeli nne,
na ukumbi mmoja mwembamba
ambao fundi aliupima kwa mabega ya mtu,
hakuwaza usukani.

Zamani zililala barazani
zimeegemeana kama walevi,
pedeli ya hii ndani ya njiti za ile.
Ukivuta moja zinaanguka zote,
na Binti Shelukindo anauliza dirishani,
"Kiwanda mnafungua saa hizi?"

Hadi usiku mmoja wa mvua za vuli
alipokuja mgeni asiyepiga hodi.
Mnyororo aliukata. Kufuli akaliacha kizingitini
kama mtu anayerudisha sahani ya jirani,
akaenda na Foniksi ya Mhando,
mpya, fremu bado ina karatasi ya dukani.
Nililitazama lile kufuli kutwa nzima:
zima, gumu, limefungwa barabara,
halikupoteza ila ilichopewa kulinda.

Nikaenda kwa Shekiondo mchomeaji.
"Nataka kulabu."
"Za nyama?"
"Za baiskeli, baba."
Akacheka, akapima kwa shibiri,
akakunja nondo ikawa shingo ya bata,
akaivika tyubu kuukuu rimu isichubuke.
Boriti za mikoko zilizobeba dari
tangu nyumba hii ina mume wangu
zikalalamika kidogo, zikakubali.

Sasa ipo kanuni, na askari wake ni mimi:
anayetoka kwanza huingia mwisho.
Ya Mhando, aliyonunua mtumba, hukaa mlangoni,
pua nje, kreti ya mikate imekwisha kufungwa,
maana saa kumi alfajiri hana muda wa kutafuta.
Ya pacha inafuata, usukani umegeuzwa ukutani
kama mtoto aliyeadhibiwa.
Ya Ngoda, mpangaji, mlinzi wa ghala,
hutoka wenzake wakiingia;
usiku mahali pake hulala ndoo ya maji.
Mnyororo mmoja mrefu unapita matumboni mwao
hadi kwenye pete niliyozika ndani ya saruji,
na ufunguo uko kwenye pindo la kanga yangu.
Atakayeutaka sharti aniamshe.

Juu kabisa, boriti ya ndani,
Swala ya marehemu.
Hiyo ilitundikwa kabla ya zote
kwa kanuni ileile:
asiyetoka huingia kwanza.

Miaka tisa niliifuta kila Ijumaa.
Vumbi nililitoa. Safari sikuipa.

Mwezi uliopita Mwanamkuu akapata kazi Bombo,
wodi ya wazazi, zamu ya usiku.
Akasimama chini ya kulabu, anatazama juu.
Watoto wa nyumba hii hawaombi, hutazama.
Nilifua vyombo. Nikavifua tena.
Kisha nikaleta kigoda.

Tairi zilikuwa zimepasuka kama visigino vya kiangazi,
raba za breki zimekuwa jiwe,
mnyororo haukukunjika, ulivunjika.
Lakini Mwanamkuu alipogusa kengele, ikalia,
nami jikoni, mkono uko kwenye unga,
nikaitikia bila kufikiri:
"Sukuma, mlango uko wazi."

Hakuna aliyesema neno.
Pacha mmoja akaondoka kwenda kununua tyubu.

Kulabu imebaki. Mhando anataka kutundika kapu.
Nimemwambia angoje.

Na kanuni yangu imepata mashtaka.
Saa mbili asubuhi wanafika pamoja,
yeye na kreti tupu, dada na macho mekundu,
usukani kwa usukani mlangoni.
"Mimi natoka alfajiri, niache mlangoni."
"Mimi natoka jioni, kabla yako."
"Jioni ni ya leo. Alfajiri ndiyo mwanzo wa siku."
"Nani kakwambia? Siku huanza magharibi."
Wananigeukia niamue.
Nami nimesimama na ufunguo mkononi,
na ndoo ya maji iko njiani,
na Ngoda nyuma yao anapiga kengele.