Bolti Iliyobaki

Imebaki bolti moja.
Nimeiweka kwenye kisahani cha chai,
kichwa namba kumi na mbili, shingo ina kutu,
nayo inanitazama kama mgeni asiyewekewa kiti.

Jana nilifungua bolti tisa, nikizihesabu kwa sauti,
Kashinje akiandika kwenye daftari lake la hesabu.
Nimefunga nane. Gari halina habari nami.
Nazungusha ufunguo: tak.
Nazungusha tena: tak.
Taa za dashibodi zimewaka zote, nyekundu na njano,
kama duka lililofunguliwa, mwenye duka hayupo.

Huku Bugarika gari haliegeshwi,
linakabidhiwa kwa mawe:
jiwe nyuma ya tairi, na mbele jabali
kubwa kuliko nyumba ya mwenye nyumba wangu.
Kule chini ziwa linang'aa kama bati jipya,
meli ya Nansio imeshapiga honi,
nami saa nane nina zamu Bugando,
mashuka ya wodi tatu yananingoja.

Fundi Lubango alitaka elfu themanini kwa stata,
"na ya soda, mama."
Nikamwambia soda nitakunywa mwenyewe.
Nikapata ya mtumba Nyakato, nikaifunga kitambaani kama mtoto,
nikalala chini ya gari Jumapili nzima
mgongo juu ya gunia la mkaa,
vumbi la kutu likininyeshea machoni.

Sasa washauri wamefika. Hawakuitwa.
Muuza vocha anasema plagi.
Baba Ng'walu anasema pampu ya mafuta,
yeye ambaye hajamiliki hata baiskeli.
Vijana wanne wameshashika buti: "Tusukume!"
Ni otomatiki, nawaambia. Halisukumiki.
Wanasukuma.
Jabali linawatazama tu.

Shemeji, mikono mfukoni:
"Kaka angejua."
Kweli, angejua.
Angefungua boneti, angepiga mluzi,
angesema kesho.
Miaka mitatu nimeisikia hiyo kesho, mpaka akaenda nayo.

Nawasha taa kubwa, nampa Kashinje ufunguo.
"Zungusha."
Taa zinanywea, kama mtu aliyekumbushwa deni.
Naazima betri ya bodaboda wa jirani? Hapana, ni ndogo.
Naazima ya teksi ya Malimi. Naifunga. Tak.
Basi si betri.
Stata niliijaribu mezani, ikaruka kama sato kwenye karai.
Basi si stata.
Umeme upo. Unatoka.
Ila kuna mahali unafika, haujui njia ya kurudi.

"Mama," anasema Kashinje kutoka kwenye usukani,
kidole kwenye ukurasa wenye doa la grisi,
"ya tisa niliandika *waya mweusi, ule mfupi*."

Naingiza mkono nyuma ya kitako cha betri.
Upo. Unaning'inia, kimya,
waya wa ethi, kichwa chake hewani,
haujagusa bodi tangu jana.
Nacheka peke yangu, kichwa ndani ya boneti:
mji mzima umekalia mwamba,
na gari langu limekosa ardhi!

Nakwangua kutu kwa kisu cha vitunguu
mpaka bati linatoa jino jeupe.
Naichukua bolti kisahanini.
Inaingia kwa vidole, taratibu, haibishi,
spana ninaiweka mwisho tu.

"Zungusha."

Linakohoa. Linakohoa tena, linatema moshi mweusi
kwenye kanzu ya Baba Ng'walu,
halafu linashika, linanguruma,
na kisahani kinatetemeka juu ya jiwe.

"Si tulisukuma!" wanasema vijana.
"Nilisema ni plagi," anasema muuza vocha.
Shemeji ameshaondoka, au amejificha nyuma ya jabali, sijui.

Kashinje anachora mstari chini ya tisa,
anaweka alama ya vema, kubwa, kama ya mwalimu.

Kisahani kina duara la kutu katikati.
Nitakisugua jioni.
Sasa hivi nina mashuka.