Mita Saba

Usimfukuze, alinionya Tibesigwa
aliyekuwa na studio nyuma ya soko la Kabale:
pazia la maporomoko ya maji, kiti kimoja,
kitana cha wateja kilichofungwa kwa uzi.
Mwendo haufukuzwi kwa vidole.
Ukimfuata mtu kwa pete ya lenzi
utakuta ameshapita,
nawe umebaki na ukungu uliovaa shati lake.
Chagua mahali. Mkaribishe hapo.

Nimechagua jiwe.
Liko ukingoni mwa njia, chini ya kona ya mikalitusi,
pale ambapo baiskeli za mbao hulazimika kuinama
na wapanda huteremsha kandambili ardhini
kwa sababu breki nyingine hawana.

Ndani ya kamera kuna duara dogo
ambamo dunia imekatwa vipande viwili.
Nusu ya jiwe imekaa kushoto, nusu kulia,
kama ndugu waliogombania shamba.
Nazungusha pete.
Wanasogeleana. Wanakataa. Nimepitiliza, narudi
kidogo,
kidogo mno,
hapo.
Jiwe limekuwa jiwe.
Nabandika utepe juu ya pete ili mkono wangu usinisaliti.

Mshale wa kupimia mwanga ulikufa kabla sijazaliwa.
Napima jua kwa mgongo wa kiganja.
Tundu kwenye nane, kilango kwenye elfu:
kuanzia mita sita kasoro hadi tisa na kidogo
mtu atakuwa mtu.
Nje ya hapo ni uvumi.

Filamu imebakiza picha nne.

Unawasikia kabla hujawaona,
ekseli ya mti ikilia juu ya mti,
halafu watoto waliopanda tuta la mtama
wanapiga kelele zinazoteremka kilima pamoja nao.
Wa kwanza: nimechelewa. Nimepata gurudumu la nyuma na kisigino.
Wa pili: nimewahi. Jiwe peke yake, safi,
linasubiri.
Kidole kinapaswa kuanza kabla ya jicho kuridhika,
na jicho langu ni gumu kuridhika.
Wa tatu, labda. Labda.

Mmoja.

Huyu nimemwekea Turyahebwa,
ambaye siku za kazi baiskeli hiyohiyo
hubeba magunia matatu ya viazi hadi barabara ya lami.
Namwona akiibuka juu ya kona,
kidevu kimegusa usukani,
shati limejaa upepo kama mtu wa pili mgongoni.
Navuta pumzi. Naishika.

Anaanguka mita kumi na tano kabla.

Mkono ukataka kubandua utepe.
Vumbi, mguu juu, gurudumu linazunguka peke yake,
yote hayo ng'ambo ya uwezo wangu,
laini kama uji.
Sikubandua. Ningependa kusema ni nidhamu;
kucha zangu ni fupi na utepe ulishika.

Akainuka. Akakagua gurudumu kwanza, goti baadaye.
Akaja akiisukuma, akichechemea,
wenzake wakimpita upande huu na huu,
na alipofika kwenye jiwe, jiwe langu,
akaweka mguu juu yake
akainama kufunga kandambili kwa uzi wa tairi.

Nikabonyeza.
Sehemu moja ya elfu ya sekunde
kwa mtu anayefunga kandambili.

Filamu ilikwenda Kampala, ikakaa wiki tatu.
Ilivyorudi nilimpelekea picha yake
huku akipakia viazi.
Kila uzi unaonekana, na tone la damu gotini, na mchanga ndani ya tone.
Nyuma yake mashindano yote ni moshi.

Akaitazama muda mrefu, akaigeuza, akaigeuza tena.
"Hapa nilikuwa nakwenda kasi gani?"

"Moja kwa elfu," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akaonekana kuridhika,
akaniomba nimshikie gunia.