Alama ya Kutoa

Saa nne asubuhi, na jua bado linajivuta
nyuma ya misonobari ya Kuusiniva.
Baridi: nyuzi ishirini na moja chini ya sifuri.
Sanelma ameshika ncha ya utepe, mimi natembea na ncha ya pili
kando ya michirizi miwili iliyonyooka
kama mistari ya rula iliyopigwa na mtu anayelia.

Mita themanini.
Kwenye ya sabini na tano, sleji ya Bi Lempi Karsikko,
ile ya kusukuma kwa mguu mmoja,
chuma chake kimepinda kuelekea mtaroni.
Pakiti ya hamira imepasuka. Hamira juu ya theluji
haiumui kitu.

Mwenyewe yuko hospitalini, nyonga imevunjika.
Amemuuliza muuguzi kama oveni imezimwa.

Ensio Pahkamaa, dereva wa gari la barua,
ameketi garini mwetu, kofia magotini.
"Nilikuwa sitini," asema, nami sijamuuliza.
"Sitini, kama kibao kinavyotaka."

Mimi sibishani na watu. Naiuliza barabara.

Nalichukua gari lake lilelile, kuukuu,
la breki za kizamani zinazokaba magurudumu hadi yakanyamaza,
nalipeleka mita kumi kwa kila sekunde,
kisha nakanyaga.
Linateleza, linateleza, linasimama.
Mita ishirini.

Hesabu yenyewe ni fupi kuliko sala ya chakula:
kasi mara kasi, gawa kwa umbali uliorudufiwa.
Mia kwa arobaini. Mbili na nusu.
Yaani barafu hii, kila sekunde ipitayo,
inakubali kukupunguzia mita mbili na nusu za mwendo wako;
haikuongezei hata ukimwita Mungu,
haikupunji hata ukiwa mwovu.

Sasa twende kinyumenyume, kutoka gari liliposimama
hadi mchirizi ulipoanza:
mbili na nusu, mara mbili, mara themanini.
Mia nne.
Kipeuo chake ishirini, na ishirini kwa sekunde
ni sabini na mbili kwa saa.

Sabini na mbili, Ensio.

Si wazimu, wala si ulevi. Ni kumi na mbili za ziada
ambazo mguu huzikopa wenyewe, mtu akiwaza kahawa.
Ungekuwa sitini kweli, gari lingelala mita hamsini na sita,
na kati ya bampa na yule mama
zingebaki mita kumi na tisa za hewa baridi,
tele kwa kushuka, kufokeana,
hata kumbebea mfuko wake hadi mlangoni.

Lakini naandika na hili, ingawa fomu haina nafasi yake:
alikanyaga alipomwona, wala hakuachia.
Sekunde sita alimtazama akikua kwenye kioo,
na gari lilipomfikia lilikuwa na mita tano tu kwa sekunde,
mwendo wa kijana anayekimbilia basi.
Ndiyo maana ni nyonga.
Ndiyo maana si jeneza.

Wino wa kalamu umeganda; nimeandika kwa penseli.
Nampa karatasi. Anaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.
Kwenye sabini na mbili hasemi neno.
Anarudi juu, anatua kwenye mbili na nusu.

"Umesahau kitu," asema.
"Jeshini, kozi ya udereva, walitupigia kelele kwa hili.
Kinachopungua huwekewa alama."

Ni kweli. Miaka kumi na minne kazini, na nimesahau.

Anaomba penseli. Mkono hautulii,
lakini kistari anachokiweka mbele ya namba
kimenyooka, kifupi, safi.

Nje, Sanelma anakunja utepe, theluji ikimdondoka vidoleni.
Nangoja kurudishiwa penseli.
Ensio bado ameishika,
anaitazama ile sabini na mbili.