Toleo Jipya

Kompyuta ya saiba yangu hapa Kariobangi
imeamka na ilani: toleo jipya lipo, lipia.

Nikampigia Onditi, fundi wa Luthuli:
"Aliyeniezekea bati, likavuja,
akirudi kuziba nimlipe tena?"

Akacheka, bisibisi menoni.
"Kuziba, hapana. Je, akikuongezea chumba?"

Nimekaa na hicho chumba tangu asubuhi.
Sikukiomba.
Mlango wamehamisha,
printa yangu kuukuu haioni pa kuingilia,
na hapo nje wanafunzi wanne wamepanga foleni,
shilingi kumi kumi zikilowa jasho viganjani,
wachapishiwe insha.

Nabonyeza "Baadaye".
Inauliza: baadaye lini?
Hivyo hivyo, kwa upole huo huo,
mwenye nyumba hubisha hodi
tarehe tano.